Horizons au Minor Planet Center: asteroidi yako uitafute wapi?
Hizi ni huduma mbili za mtandaoni zinazokokotoa asteroidi itaonekana wapi angani. Kwa gharama hakuna mshindi, zote ni bure. Horizons ya JPL, maabara ya NASA nchini Marekani, hushughulikia asteroidi moja kwa kila ombi, lakini ina kina: mahali pake angani, mwangaza, umbali, hata kiasi cha shaka kilichomo kwenye hesabu. Safu hiyo ya shaka naithamini sana. Ikiwa kubwa, darubini yako huenda ikatazama patupu. Ila uwe makini: ukituma amri ya 4 tupu unapewa sayari ya Mirihi; ongeza nukta-mkato (4;) ndipo uipate Vesta, asteroidi namba 4.

Minor Planet Center, kituo cha kimataifa kinachokusanya taarifa za asteroidi, hupokea orodha nzima kwa mpigo, na vitu vipya ambavyo havijathibitishwa huorodheshwa huko. Unapanga usiku wa kupiga picha? Anza nayo. Unaandika programu, au unafuatilia Apophis, asteroidi itakayopita karibu na Dunia, hadi 2029? Horizons itakufaa zaidi.