Dylan wa 1997 au Bowie wa 2013?

Wapenda roki wa Arusha hawaishi kubishana: ukitaka albamu ya mkongwe aliyerudi na kuyatafakari maisha, uanze na Time Out of Mind ya Bob Dylan au The Next Day ya David Bowie?

Kwa urefu, Dylan anakupa zaidi: nyimbo 11, dakika 73 hivi. Ukiiwasha mkitoka Arusha kwenda Moshi, sehemu kubwa ya njia inakwisha bado anaimba, maana wimbo wa mwisho peke yake unazidi dakika 16. Bowie ana nyimbo 14 ndani ya dakika 53 hivi, na bando linapumua.

Spika ndizo zinazoamua mengi. Mtayarishaji Daniel Lanois alimrekodi Dylan kwa mwangwi mzito, kama mtu anayeimba chumba cha pili. Ndani ya Hiace, kwa spika ya simu, besi inamezwa na unabaki na mikwaruzo ya koo. Bowie, aliyerekodi kwa siri New York na mtayarishaji Tony Visconti, anapenya hata kelele za soko la Kilombero.

Kwa maneno, mimi namwegemea Dylan. Uzee na mapenzi yaliyokwisha havimwachii nafasi ya kupumua. Bowie anaikumbuka Berlin aliyoishi miaka ya 1970, kwa uchungu kweli, ila kwingine magitaa yanakimbia.

Una hedifoni nzuri na usiku mtulivu pale Njiro? Dylan. Umebeba abiria wasiojua roki? Weka Bowie, la sivyo watakuomba uzime kabla ya Usa River.