Kigoma baada ya saa 11 jioni: mapitio kwa aliyekuja na beji ya mkutano

Anayetumwa Kigoma kwa mkutano wa siku tatu kwa kawaida hupanga matembezi yake kwa jua la Dar es Salaam. Saa ya ukutani ni ileile, jua silo. Kigoma iko karibu digrii 10 za longitudo magharibi ya Dar, na kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo jua linachelewa kama dakika 40. Linazama mnamo saa 1 jioni, likienda mbele au nyuma kidogo kufuatana na msimu. Kikao kikifungwa saa 11, umebakiwa na takriban saa mbili za mwanga, na hizo ndizo tunazozipimia hapa. Asubuhi mambo yanageuka: saa 12 bado giza, na aliyepanga kukimbia ufukweni "kukipambazuka" atajikuta anakimbia na tochi.

Kinachoingia vizuri ndani ya saa hizo mbili ni Ujiji, penye makumbusho ya Livingstone, mmishonari na mvumbuzi Mskoti. Ni kama kilomita 8 kutoka mjini, daladala zinapita barabara kuu kupitia mtaa wa Mwanga, na bajaji inakupeleka hadi mlangoni ukisema tu "kwa Livingstone". Patana nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja kabla hujapanda, usije ukaanza kutafuta usafiri giza likiingia. Mwombe pia mwenyeji wako athibitishe mapema kwa simu kama makumbusho yatakuwa wazi hadi jioni. Likifungwa geti, safari imekwisha.

Jengo lenyewe ni dogo. Dakika 20 zinatosha, na sanamu za Livingstone na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, wakiamkiana kwa kofia zimepigwa picha nyingi kuliko zinavyostahili. Uzito uko nje, kwenye mnara wa jiwe uliochongwa ramani ya Afrika yenye msalaba, na miembe miwili inayosemekana ni vipandikizi vya ule mwembe ambao wazungu hao wawili walikutana chini yake mwaka 1871. Swali la mgeni makini huwa ni moja: ziwa liko wapi? Masimulizi ya kale yanaiweka Ujiji kandokando ya maji, na wewe unasimama kwenye mwembe huoni wimbi.

Jibu ni Mto Lukuga, ng'ambo ya pili, upande wa Kongo. Ndio mlango pekee wa kutokea maji ya Ziwa Tanganyika. Wakati wa Livingstone ulikuwa umezibwa na tope na majani, na ziwa likazidi kupanda mwaka hadi mwaka. Mnamo 1878 kizibo hicho kikapasuka, na katika miaka kama 15 iliyofuata maji yakashuka karibu mita 10. Kwenye ufuko tambarare kama wa Ujiji, mita 10 za kina ni mwendo mrefu wa mchanga. Miaka ya karibuni ziwa limepanda tena na kuingia kwenye nyumba na mialo ya pwani hii, kwa hiyo wenyeji hawashangai ukiwaambia kuwa maji huenda na kurudi.

Ukitoka kwenye mnara, usirudi kwenye bajaji moja kwa moja. Teremka hadi ufukweni kwenye mafundi wa maboti. Simama karibu na anayekalafati: anasokota pamba kuwa kamba nyembamba, anailaza kwenye ungio la mbao mbili, kisha anaisukuma ndani kwa patasi butu, nyundo ikigonga polepole. Pamba ikikaa juu juu, boti linavuja wiki ya kwanza. Ikishindiliwa kupita kiasi, mbao zinaachana na misumari inalegea. Hapo ndipo tungetumia nusu ya muda wetu wa Ujiji. Na kwa mwongoza wageni, uliza habari za njia ya misafara iliyotoka hapa hadi Bagamoyo na watu waliopitishwa kwa minyororo, maana ukimwachia aanze mwenyewe, ataanzia kwenye kofia ya Stanley.

Mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, ni wa alfajiri, kabla ya kikao cha saa 3. Hapa kalenda ya kutazama ni ya mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: samaki wanaufuata mwanga, wavu unawapandisha. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa ziwa zima, taa haivuti kitu, na wavuvi wengi hukaa nchi kavu kwa siku kadhaa. Mkutano ukiangukia siku hizo utakuta mwalo umepoa na bei imepanda. Tena tangu 2024 kuna jambo jingine: mwaka huo Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kwa hiyo kama mmealikwa Juni au Julai, uliza kwanza kabla hujaahidi watu nyumbani dagaa wabichi au mgebuka wa kuchoma.

Kununua dagaa wakavu kuna kanuni zake. Walioanikwa mchangani ni nafuu lakini wana changarawe. Walioanikwa kwenye chanja ni ghali kidogo na hawakwaruzi meno. Usimwulize muuzaji, pima mwenyewe: chukua konzi, sugua kwenye kiganja, fungua vidole uone kilichobaki. Dagaa mzuri ana rangi ya fedha na kichwa hakijakatika. Akiwa na wekundu wa kutu na harufu kali ya mafuta, alinyeshewa akianikwa au amekaa sana ghalani. Na vua beji kabla hujafika sokoni. Beji hupandisha bei kuliko lafudhi.

Sasa Gombe, ambako ndiko wageni wengi wa mikutano hujichanganya. Hifadhi iko kaskazini, haina barabara, ni boti tu. Boti la abiria linaondoka Kibirizi mnamo mchana kuelekea vijiji vya kaskazini, na linarudi mjini asubuhi. Maana yake huwezi kwenda na kurudi siku hiyohiyo: ukipanda leo utalala, na kupanda mlimani kutafuta sokwe ni kesho yake. Atakayekwenda na kurudi kwa siku moja lazima akodi boti la kasi, kama saa moja kila upande, na gharama yake ni ya kugawana watu kadhaa. Tafuteni wenzenu kwenye ukumbi siku ya kwanza, sio ya mwisho wakati kila mtu ameshabeba sanduku. Kwa kiingilio cha hifadhi, andaa malipo ya kadi au ya kumbukumbu namba (namba ya malipo ya Serikali), usitegemee noti. Mwenye mafua abaki hotelini, kwa sababu sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu na wanakufa nayo. Mtoto chini ya miaka 15 hapandi kwa sokwe. Ukiwafikia, unakaa umbali usiopungua mita 10, na muda wa kuwa nao ni saa moja.

Milima ya Gombe inaanzia majini na kupanda wima. Kiatu cha ngozi cha ukumbini kitakuangusha kwenye kokoto, hasa wakati wa kushuka. Chakula usikile wazi ufukweni, nyani wanakuja na hawaombi. Na usiahidiwe sokwe na mtu yeyote: kuna siku wako bonde la karibu, kuna siku wamevuka kilele. Kwa aliye na siku nzima ya ziada, hii ndiyo safari bora ya Kigoma, hapa ndipo mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipoanza kazi yake Julai 1960. Kwa aliye na nusu siku, ni pesa ya boti iliyopotea.

Stesheni ya reli iko katikati ya mji, ni ya kupita kwa miguu wakati wa mapumziko ya chakula. Wajerumani waliifikisha reli hapa 1914, kilomita zaidi ya 1,200 kutoka Dar, na ndiyo iliyoleta ile meli tunayoiita Liemba ikiwa vipande ndani ya makasha. Iliundwa upya hapa Kigoma, ikaingia majini 1915, wenyewe wakaizamisha Julai 1916, ikaopolewa 1924 na kurudi kazini 1927. Omba ruhusa kabla ya kuelekeza kamera bandarini. Treni haiji kila siku, kwa hiyo ukikuta ukumbi mtupu si kwamba umechelewa.

Kuogelea: chagua penye mawe na maji yanayotembea, kwepa penye majani na maji yaliyotulia kwa ajili ya kichocho, na waulize wenyeji wa ufuko huohuo kuhusu mamba.

Zawadi ya kubeba ni mawese. Yanayofaa ni mekundu yenye kung'aa, na ukionja tone hayawashi kooni. Yakiwasha ni ya zamani. Ukiona sehemu ya chini imeganda na juu ni maji, hujauziwa mchanganyiko, ndivyo mawese yanavyotulia kukiwa na ubaridi. Usijaze dumu hadi mdomoni, acha nafasi ya vidole viwili. Kaza kizibo, kizungushie utepe wa gundi, kisha simamisha dumu ndani ya ndoo yenye mfuniko. Dagaa wapate ndoo yao. Ulizia shirika la ndege siku moja kabla kama vyote viwili vinapokewa, na popote vitakapokaa, visikae sanduku moja na suti.