Darubini zenye kipima umbali cha leza: ipi ununue, na namba ya kwenye boksi isikuhadae

Wanunuzi wengi wa darubini ya aina hii huanza na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi: mita 2,300, mita 2,950, yadi 10,000. Namba hiyo hupatikana kwa kupima kitu kinachorudisha mwanga vizuri sana, kama kibao cha barabarani au bati jipya. Nyati ni mweusi, amejipaka matope, na ngozi yake inatawanya mwanga kila upande. Kwa mnyama, hesabu theluthi moja hadi nusu ya namba ya boksi, na jua la saa saba mchana litapunguza tena, kwa sababu mwanga wa jua unaingia kwenye kipokezi pamoja na ule wa leza na kuufunika. Alfajiri na jioni kifaa kilekile kinafika mbali zaidi.

Kwa hiyo sisi hatupangi darubini hizi kwa namba. Tunazipanga kwa kioo kwanza, halafu kwa jinsi leza inavyofanya kazi kati ya mita 10 na 600, maana hapo ndipo kazi halisi ilipo kwa mwindaji bingwa, askari wa wanyamapori au mtafiti. Siku nzima porini utatazama kwa saa nyingi na kubonyeza kitufe mara chache tu. Leza nzuri iliyo kwenye kioo kibovu itakupa umbali wa mnyama ambaye hukumwona.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo muuzaji ni nadra kulitaja: upana wa mwale. Leza haiendi kama uzi, inatanuka. Mwale wa miliradiani 1.5 kwa 0.5 ukifika mita 1,000 umekuwa doa la mita 1.5 kwa nusu mita. Kongoni ana takriban mita 1.2 begani, kwa hiyo akiwa mbali kiasi hicho sehemu ya doa inaangukia majani ya mbele yake au kilima cha nyuma, na kifaa kinalazimika kuchagua kipi kikupe. Mwale mwembamba hupunguza kosa hili, lakini unataka mkono uliotulia. Ndiyo maana darubini inayokuza mara 10 bila kuegemea kitu mara nyingi hukosa mnyama ambaye ya mara 8 ingempata.

Sasa mpangilio.

Ya kwanza ni Leica Geovid Pro yenye lenzi za milimita 42, ya mara 8 au mara 10. Leica walitoa Geovid ya kwanza mwaka 1992, na uzoefu huo unaonekana. Umbo lake limejikunja kidogo, na watu hudhani ni urembo. Sababu ni prizimu za Perger-Porro, yaani vioo vya ndani vinavyogeuza njia ya mwanga, ambavyo hurudisha mwanga wote kwa ndani bila kuhitaji tabaka la kioo cha kujitazamia, hivyo picha inabaki na mwanga mwingi na kina kizuri. Inapima kuanzia mita 10, ina dira na vihisi vya joto na kanieneo, na programu ya Applied Ballistics, inayokokotoa risasi itashuka kiasi gani, imo ndani yake. Ukiunganisha na simu, inaweza kukuwekea kwenye ramani mahali ulipopima, jambo la maana sana mnyama akishajeruhiwa na kuingia kichakani. Kasoro zake: inakaribia kilo moja, na mikono midogo huchukua siku kadhaa kulizoea lile umbo. Ishike kabla hujalipa. Ndugu zake wa milimita 32 ni wepesi zaidi kwa mtu wa kutembea kutwa nzima, ila mwanga wa jioni watakunyima: 32 gawanya kwa 10 ni milimita 3.2 tu za upana wa mwanga unaofika jichoni, wakati 42 kwa 8 ni 5.25.

Ya pili ni Swarovski EL Range TA, kutoka Absam nchini Austria. Kwa kutazama tu, wengi wataipenda kuliko zote: picha iko wazi hadi pembeni, na ule uwazi katikati ya mapipa unaacha vidole vikae vizuri. Ina msaada wa kukuongoza kwa simu hadi mahali mnyama aliposimama wakati wa kupigwa risasi. Lakini soma hapa kwa makini: leza yake huanza kupima mita 30. Mwindaji hatajali. Mtafiti anayehesabu funo au minde katika msitu wa Udzungwa asiinunue, kwa sababu wanyama wengi atawaona ndani ya umbali huo na kifaa hakitampa kitu.

Ya tatu ni Zeiss Victory RF, ya tangu 2018. Inapima mita 10 hadi 2,300, inajibu haraka, na ukiendelea kubonyeza inapima mfululizo, jambo linalofaa sana kwa mnyama anayetembea. Tumeiweka ya tatu kwa kioo chake cha milimita 42, na pengo lake na ya pili ni dogo. Lakini kwa kazi ya giza tunaigeuza kuwa ya kwanza: hii ndiyo familia yenye lenzi za milimita 54. Ile ya 8x54 inatoa milimita 6.75 za mwanga, karibu na ukomo wa mboni ya kijana. Anayekaa kibandani kusubiri chui kwenye chambo hadi mwanga wa mwisho, hiyo ndiyo yake. Uzito wake unapita kilo moja, kwa hiyo si ya kutundika shingoni kwa mkanda mwembamba. Tumia mkanda wa mabegani. Na umbali wa chambo upime mchana, uandike.

Baada ya hizo tatu bei inashuka, na kioo kinashuka nacho. Hizo tatu kwa kawaida huuzwa kati ya dola 2,500 na 4,000. Vortex Fury HD 5000 na Sig Sauer za familia ya Kilo hupatikana kwa bei ya chini zaidi, kutegemea toleo.

Vortex tunaiweka ya nne. Leza yake ni nzuri kuliko kioo chake: jioni, dakika kumi au kumi na tano za mwisho, Leica bado inakuonyesha pembe na Vortex inakuonyesha umbo. Toleo la AB lina Applied Ballistics ndani. Faida yake kubwa ni dhamana ya maisha isiyodai risiti, ingawa kabla ya kuitegemea uliza nani atalipia usafirishaji kutoka Arusha au Nairobi hadi kituo cha matengenezo. Sig Kilo10K ni ya tano kama darubini, lakini kama kompyuta ya kupiga shabaha ya mbali inashinda hata za bei mara mbili yake. Kwa wanaolenga bamba la chuma mita 1,200 huko Marekani, tungeipandisha juu. Kwa nyati wa mita 80, uwezo huo unaulipia bure. Sig na Vortex zote zinakuruhusu kuchagua kifaa kikupe kitu cha kwanza kilichoguswa na mwale au cha mwisho. Kwenye majani marefu, weka cha mwisho, kisha hakikisha nyuma ya mnyama hakuna mlima.

Kuna njia nyingine ambayo wauzaji hawaipendi: nunua darubini nzuri isiyo na leza, na kipima umbali kidogo cha mkononi kando. Kimoja kikiharibika, kingine kinaendelea. Ubaya wake ni kwamba unashusha darubini, unainua kipima umbali, na katika sekunde hizo nne kuro ameshaingia mateteni.

Ukiifikia dukani, usiridhike na kutazama bango la ng'ambo ya barabara. Fanya haya.

Rekebisha macho kwanza. Darubini hizi zina namba zinazoonekana ndani ya pipa moja, mara nyingi la kulia, kwa hiyo kila upande una marekebisho yake. Funga jicho lisilo na namba, zungusha pete ya upande wenye namba hadi ziwe kali kama zimechapishwa. Kisha kwa jicho hilohilo tazama kitu cha mita 100 na uzungushe gurudumu la katikati hadi kionekane vizuri. Halafu fumba jicho hilo, fungua la pili, na bila kugusa gurudumu zungusha pete ya upande wake. Watu wengi wanaorudisha darubini wakilalamika kwamba inaumiza kichwa waliruka hatua ya kwanza.

Kisha tafuta leza ilipo hasa. Chagua nguzo ya umeme au mlingoti mwembamba ulio mita 150 hadi 200, nyuma yake kuwe na anga tupu. Egemeza darubini kwenye mfuko wa mchanga. Anza kulia kwa nguzo, pima, sogeza kidogo kushoto, pima tena, hadi namba ijitokeze. Endelea hadi ipotee. Rudia kwa kupanda juu ya ncha ya nguzo na kushuka. Utagundua kama leza inapiga katikati ya kile kiduara cha kulengea kinachoonekana ndani ya darubini au pembeni yake. Kuwa pembeni kidogo si ugonjwa, mradi unajua ni upande gani. Ikiwa nje kabisa ya kiduara, kataa kifaa hicho.

Tazama rangi. Weka karatasi nyeupe kivulini na uitazame kwa jicho moja moja. Ndani kuna tabaka linalochuja mwanga mwekundu ili kuipitisha leza na kuonyesha namba, kwa hiyo pipa moja linaweza kuelekea kijani au buluu kidogo. Likiwa la wazi mno, ubongo wako utachoka kabla ya saa nne asubuhi.

Mwisho kagua kipimo. Vifaa vingi vya soko la Marekani huja vimewekwa yadi. Yadi 300 ni mita 274, na kosa la mita 26 linatosha kumjeruhi mnyama badala ya kumwangusha. Ukiwa mlimani, chagua umbali wa mlalo: mita 400 kwenye mteremko wa nyuzi 30 risasi inauhesabu kama mita 346.

Porini, mnyama akikataa kutoa namba, usishindane naye. Pima kichuguu au shina lililo sambamba naye. Kichuguu kikavu ni kipana, kina rangi ya kung'aa, na hakitikisiki. Mazigazi yakianza kucheza juu ya mbuga, panda kwenye gogo au juu ya gari, mwale upite juu ya hewa ya moto iliyo karibu na ardhi. Usipime kupitia kioo cha gari, fungua dirisha. Na kwa wanaohesabu wanyama kwa mstari wa kutembea, umbali uliopimwa si umbali wa kuandika kwenye fomu mpaka uuzidishe kwa sine ya pembe (kitufe cha sin kwenye kikokotoo): funo aliye mita 40 kwa nyuzi 30 kutoka kwenye mstari yuko mita 20 kutoka kwenye mstari huo.

Ukiagiza nje, ongeza kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, pamoja na ushuru wa forodha, na uulize mapema kama kifaa cha leza kinahitaji kibali. Soma dhamana ya elektroniki kando na ya kioo, kwani mara nyingi miaka yake haifanani. Leica, Swarovski na Zeiss tulizozitaja zinatumia betri ya CR2 ya volti 3, ambayo hutaipata katika duka la pembezoni mwa pori la akiba. Beba nne. Kwenye ndege, betri za akiba huwekwa kwenye mzigo wa mkononi, ncha zikiwa zimefunikwa kwa utepe. Msimu ukiisha, toa betri ndani, futa chumvi ya jasho kwenye raba kwa kitambaa chenye maji safi, na uihifadhi kwenye kopo lenye vifuko vya kunyonya unyevu. Mkoba wa ngozi uutenganishe nayo, kwa sababu pwani ngozi ndiyo inayoota kuvu kwanza na kuipeleka kwenye lenzi.