TAHADHARI Mtwara na Lindi: vichupa vya "dawa mpya ya sonona"

Ndugu wa Mtwara mjini, Mikindani, Masasi, Lindi na Nachingwea: ukiletewa kichupa cha unga mweupe kinachoitwa MIF-1, usinunue. Haijasajiliwa kuwa dawa ya sonona.

Chambo cha muuzaji ni karatasi ya utafiti, na karatasi yenyewe ni ya kweli. Ndiyo maana hata wasomi wananaswa. MIF-1 ni peptidi ndogo ya ubongo, yaani mnyororo mfupi wa amino asidi (matofali ya protini), tatu tu: prolini, leusini na glisini. Mwaka 1974 Ehrensing na Kastin wa Marekani walichapisha jaribio la awali kwa wagonjwa wachache, na baadhi walipata nafuu ndani ya siku chache. Asichokwambia muuzaji ni jaribio lao la 1978: miligramu 75 kwa siku zilisaidia kuliko 750. Kwa hiyo ushauri wake wa "ukiona kimya, ongeza dozi" unapingana na watafiti haohao anaowataja.

Soma lebo. Vichupa vya aina hii mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo za Kiingereza kwamba ni vya maabara tu, si vya binadamu. Cheti cha "usafi asilimia 99" nacho kisikulaghai: kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu vijidudu. Tena unga wa manitoli (aina ya sukari ya kujazia dawa) uliokaushwa nao ni mweupe vilevile, kwa macho hutofautishi.

Halafu kuna maji ya kuchanganyia unga huo kabla ya kujichoma sindano. Maji ya sindano ya kawaida hayana kihifadhi, ni ya kutumia mara moja na kutupa. Ukikitoboa kichupa kilekile wiki mbili, kwa joto letu hili, bakteria wanazaliana humo. Matokeo ni jipu palipochomwa, au sumu kwenye damu.

Linalotuumiza zaidi ni kuambiwa uache amitriptilini au fluoksetini, dawa za sonona za hospitali. Dawa hizo huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonyesha nafuu, na muuzaji humvizia mgonjwa katika kipindi hichohicho cha kukata tamaa. Ukiziacha ghafla unaweza kupata kichefuchefu, kukosa usingizi na wasiwasi, na sonona yenyewe kurudi.

Umeshanunua? Usitupe kitu. Tunza kichupa, boksi, ujumbe na SMS ya malipo, upeleke TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Umeshachoma na una homa au uvimbe? Nenda hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi) leo, na kichupa mkononi. Mgonjwa akitaja kujiua, asiachwe peke yake hata dakika moja; mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.