Tovuti ya GTA VI: nzuri sana, ila inataka wifi

Rockstar, kampuni inayotengeneza gemu la Grand Theft Auto VI (GTA VI), waliifungua tovuti yake tarehe 6 Mei 2025, siku moja na trela ya pili, na kwa mpigo mmoja wakatoa habari nyingi kuliko zote zilizokuwa zimetoka tangu trela ya kwanza ya Desemba 2023. Picha 70, wahusika wakuu, maeneo sita ya Leonida, jimbo la kubuni ambamo gemu linachezwa. Kama kazi ya kutangaza gemu, imetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Shida ni kwamba imejengewa skrini kubwa na intaneti isiyopimwa, na wengi Nairobi wataifungua kwa simu, kwenye bando.

Uzuri wenyewe uko kwenye wahusika. Jason Duval na Lucia Caminos wanatangulia, kisha wanafuata akina Cal Hampton, Boobie Ike, Dre'Quan Priest, Real Dimez, Raul Bautista na Brian Heder. Maelezo ya kila mmoja ni mafupi, lakini yamebeba mengi. Ya Lucia yanasema babake alimfunza kupigana tangu alipoanza kutembea, na kwamba amepitia gereza la Leonida. Ushauri wetu: anza na Brian kabla ya Jason. Brian anamwachia Jason nyumba bila kodi, mradi amsaidie kutoza watu pesa kwa vitisho, na ukishajua hilo, picha nyingi za Jason zinaeleweka. Tovuti haikuonyeshi uhusiano huo. Ni wewe uuunganishe.

Upande wa maeneo, usikae sana Vice City, jiji la Leonida, trela zimelionyesha vya kutosha. Nenda Port Gellhorn, mji wa pwani ambao watalii waliuacha, na Ambrosia, penye kiwanda cha sukari na genge la pikipiki. Mount Kalaga nayo ina uwindaji, uvuvi na njia za magari ya porini.

Tunachoilaumu ni hiki: haielezi gemu linavyochezwa. Hakuna neno kuhusu misheni wala kubadilisha kati ya Jason na Lucia. Rockstar walisema trela ya pili ilirekodiwa kwenye PS5, konsoli ya Sony, nusu ikiwa mchezo wenyewe na nusu maonyesho ya hadithi, lakini hakuna alama ya kutenganisha kipi ni kipi. Anayetaka kupima ubora wa gemu kwa picha hizo anakisia.

Sasa bando. Ukurasa unapakia picha kadiri unavyousogeza, kwa hiyo ukikimbilia chini kwenye mtandao dhaifu utakutana na nafasi tupu. Si kwamba tovuti imekufa. Simama, subiri picha ijae, ndipo uendelee. Usitegemee Chrome ikubanie data: ile hali yake ya kubana kurasa iliondolewa mwaka 2022, na kiokoa data cha Android kinazuia programu zilizo nyuma tu, si ukurasa ulioufungua. Kwenye kompyuta unaweza kujua uzito kamili: bonyeza F12, ingia sehemu ya Network, weka tiki kwenye Disable cache, pakia upya, shuka hadi mwisho, kisha soma jumla iliyoandikwa chini.

Trela itazame YouTube, kwa kuwa huko unachagua ubora. Ina sekunde 166 hivi. Ikipita kwa megabiti 5 kwa sekunde, inakula takriban megabaiti 104. Ukiishusha hadi megabiti 1, ni kama 21. Kwa skrini ya simu, hiyo ya pili inatosha kwa mara ya kwanza.

Jambo moja tovuti inalisema waziwazi, na wengi wanalipita: gemu ni la konsoli za PS5 na Xbox Series X na S. PS4, ambayo bado imejaa kwenye mabanda ya gemu mtaani, haimo. Simu pia haimo, kwa hiyo faili yoyote ya Android inayosambazwa WhatsApp kwa jina la GTA 6 ni bandia, na huenda ina kirusi. Usiisakinishe hata kwa kujaribu.

Tarehe nayo ifuatilie kwenye tovuti yenyewe, usitegemee mabango ya zamani. Kwanza walitaja vuli ya 2025, wakasogeza hadi 26 Mei 2026, kisha 19 Novemba 2026. Tovuti ilipofunguliwa haikuwa na bei wala nafasi ya kulipia mapema, kwa hiyo kabla ya kumwachia muuzaji yeyote wa mjini amana, linganisha bei anayokutajia na ile iliyo kwenye duka rasmi la konsoli yako. Na kama utanunua kwa kadi ya zawadi, hakikisha kadi ni ya nchi ileile uliyosajilia akaunti, maana kadi ya Marekani haikubaliki kwenye akaunti ya Uingereza.