TAHADHARI: Kuna jamaa anauza "Primus orijino" za kughushi, na zinaweza kuunguza nyumba

Habari zenu wakuu. Hii ni kwa wote tunaokusanya Primus, yale majiko ya shaba ya mafuta ya taa ya kupampu ya enzi za bibi zetu na vifaa vyake, sindano za kuzibulia tundu la mafuta, spana za bana (kichwa cha moto), vikebe vya spiriti, boksi zake za bati na vinginevyo. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya wasapu anauza "Primus ya mwaka 1892 iliyotoka misheni ya Wajerumani". Jina na namba anabadilisha kila mara, ila mtindo wake ni ule ule na ndo nataka muujue.

Anaanza na picha kali, jiko linang'aa, boksi lipo, sindano zipo. Picha zenyewe sio zake, nilizisachi zikatokea kwenye tangazo la zamani la mnada huko Ulaya. Ukimwomba apige picha ya kitako cha tangi akiwa ameweka pembeni karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo anakuwa mkali, mara kuna mteja wa Nairobi kapanda dau, mara yuko safarini, halafu anataka nusu ya hela kwanza "ya kukushikia mzigo". Wengi wakishatuma wanablokiwa na ndo imetoka hiyo. Ila wapo wanaoletewa jiko kweli, na hao ndo wananitia hofu zaidi.

Rafiki yangu wa Moshi alilipa laki tatu na nusu akaletewa, akanipa nilikague. Sasa huo mwaka 1892 ndo Frans Wilhelm Lindqvist alipobuni jiko hili kule Stockholm, majiko ya mwanzo mwanzo kabisa ni adimu hata Uswidi kwenyewe, kwa hiyo mtu akikutajia mwaka huo bila ushahidi wowote funga mkoba. Kuanzia 1911 kiwanda kilikuwa kinagonga herufi ya mwaka kwenye tangi, A ni 1911, B ni 1912, unahesabu hivyo kwenda mbele. La rafiki yangu kitako kimepigwa msasa mpaka maandishi ya mwanzo yamefutika, na juu kagongewa "Stokholm", herufi moja imekosekana. Kiwanda cha Stockholm hakiwezi kukosea jina la mji wake jamani. Sindano za kuzibulia nazo ni spoku za baiskeli zilizonolewa, ukizipitisha kwenye nozeli zinapanua tundu na moto hautakaa sawa tena.

Haya, kubwa ni hili. Boksi lilipofunguliwa ilitoka harufu ya amonia. Shaba mpya ukiifukizia amonia inakuwa nyeusi haraka inaonekana imekaa miaka mingi, lakini amonia inaipasua shaba ya aina hii, hasa sehemu zilizokunjwa na kuvutwa kiwandani kama mzunguko wa tangi. Hili lilijulikana tangu zamani, Waingereza kule India walikuta maganda ya risasi za bunduki zao yamepasuka yenyewe baada ya kuwekwa karibu na mazizi ya farasi msimu wa mvua, na chanzo kilikuwa amonia ya mkojo. Sasa huyu jamaa anazeesha tangi kwa dawa inayolipasua halafu nyufa anaziziba kwa risasi ya kuchomelea na kupaka rangi juu!! Nilipampu hewa tupu bila mafuta nikalizamisha kwenye beseni la maji, mapovu yakatoka kwenye kona ya kitako mfululizo. Mtu angelijaza mafuta ya taa akaliwasha, mafuta yenye presha yangetoka kwenye ufa sentimita chache tu kutoka kwenye bana inayowaka. Kuna watu wanawapelekea mama zao majiko haya kama zawadi, nikifikiria hilo nakosa usingizi.

Kwa hiyo naomba sana, usitume advansi kwa mtu usiyemjua. Kutana naye mchana sehemu ya watu, nenda na sumaku (tangi la shaba halishiki, likishika ni chuma kilichopakwa), pindua kitako usome maandishi yote, angalia kama kuna madoa ya risasi ya kuchomelea au rangi mpya, na mwambie unataka lipimwe kwenye maji mbele yako. Muuzaji mkweli hatakataa, mimi nimenunua kwa mafundi wazee wa mitaani na wao ndo wanaokuletea beseni. Ile washa (ringi) ya ngozi ya pampu ikiwa imekauka sio tatizo, inalowekwa mafuta au inabadilishwa, usiliache jiko zuri kwa sababu hiyo.

Kama tayari umeshamtumia hela, piga simu kwa mtandao wako leo hii na uwe na meseji ya muamala, usiifute, kwa Tanzania namba ya tapeli iripoti 15040 kisha nenda polisi na skrinshoti zote. Na kama jiko lake liko kwako, tafadhali usilijaze mafuta hata kwa kujaribu. Nitumieni picha ya kitako, nitaangalia moja moja na kujibu.