Roland MDX-20: tathmini ya mashine kongwe ya mezani kwa anayejifunza uchongaji wa CNC

Anayetaka kujifunza kuchonga kwa mashine inayoongozwa na kompyuta hushauriwa mara nyingi atafute mashine mpya, yenye kasi kubwa na programu ya kisasa. Nimeitumia Roland MDX-20, mashine ya zamani ya mezani kutoka Japani, kwa muda wa kutosha kuwa na maoni tofauti. Kwa mwanafunzi, mashine hii ni mwalimu bora kuliko nyingi zilizokuja baada yake, kwa sababu mambo ya kurekebisha ni machache, na kwa hiyo kazi inapoharibika chanzo chake huonekana upesi.

Eneo lake la kazi ni milimita 203.2 kwa 152.4, na kichwa hushuka na kupanda kwa milimita 60.5. Meza ndiyo inayokwenda mbele na nyuma, huku kichwa kilichobeba mota kikienda kushoto na kulia. Mota yenyewe ni ya wati 10 tu. Asiyejua kipimo hicho atatarajia kuchonga vyuma, na atakata tamaa bure. Riziki ya mashine hii ni nta ya kuchongea, povu gumu, mbao laini, plastiki na, zaidi ya vyote, bodi za saketi.

Mota huzunguka kwa kasi moja, mizunguko 6,500 kwa dakika, na hakuna kitufe cha kuibadilisha. Wengi huuona huo kuwa upungufu, nami naona ndipo somo lenyewe lilipo. Kwa kuwa mzunguko haubadiliki, unabaki na maamuzi mawili: biti, yaani kisu chembamba kinachozunguka na kukata, isogee kwa mwendo gani, na iingie kwa kina gani kila inapopita. Chukua biti ya milimita 0.4 yenye makali mawili. Ikisogea milimita 4 kwa sekunde, husafiri milimita 240 kwa dakika, na ndani ya dakika hiyo makali yake hukata mara 13,000, kwa hiyo kila ukali huondoa unyuzi wa takriban milimita 0.018. Mashine inaweza kwenda hadi milimita 15 kwa sekunde, lakini kwa mwendo huo unyuzi hufikia karibu milimita 0.07, ambayo ni zaidi ya sehemu ya sita ya unene wa biti yenyewe, nayo hukatika. Hesabu hii ndiyo msingi wa uchongaji wote wa CNC, na sijaona mashine nyingine inayomlazimisha mtu aifanye mapema hivi, tena kwa karatasi na kalamu.

Hatua inayohitaji utulivu kuliko zote ni kuweka sifuri ya kimo, yaani kuionyesha mashine uso wa bodi uko wapi. Unakishusha kichwa kwa kitufe hadi biti ikaribie bodi, lakini ni lazima ubakize nafasi ya kichwa kushuka zaidi, la sivyo hakitakuwa na pa kwenda wakati wa kukata. Kisha unalegeza skurubu ndogo ya pembeni inayoibana biti kwa spana ya aleni, ukiwa umeishika biti kwa vidole, unaiteremsha taratibu mpaka ncha iguse shaba iliyofunika bodi, unaibonyeza kidogo, na unakaza. Biti ikiachwa ianguke yenyewe, ncha yake huvunjika kabla kazi haijaanza. Njia za saketi huchongwa kwa kina cha milimita 0.1 hivi, kwa hiyo bodi iliyoinuka upande mmoja, kwa sababu tu ya selotepu ya pande mbili iliyojikunja chini yake, itachongwa vizuri kona moja na kukwaruzwa tu kona nyingine. Kwa bodi, chagua ile ya FR1, iliyotengenezwa kwa karatasi na resini, badala ya FR4 yenye nyuzi za kioo, ambazo hubutusha biti haraka na kutoa vumbi lisilofaa kuvutwa pumzini.

Mawasiliano na kompyuta hupita kwenye kebo ya RS-232C, aina ya zamani ya kuunganisha vifaa na kompyuta, na hapa uzee wa mashine unasumbua kwelikweli. Kompyuta nyingi za sasa hazina tundu hilo, hivyo unahitaji adapta ya USB, tena ile inayopitisha nyaya zote za udhibiti. Bila nyaya hizo mashine haiwezi kuiambia kompyuta isubiri, kumbukumbu yake ndogo hufurika na biti huanza kwenda ovyo. Faraja ni kwamba lugha yake, RML-1, ni maandishi ya kawaida yanayosomeka. Amri Z400,800,-4 humaanisha milimita 10 kwa mhimili wa kwanza, 20 kwa wa pili, na 0.1 chini ya uso, kwa kuwa kila milimita huhesabiwa kuwa vizio 40 vya lugha hiyo. Vilevile mashine hii ilienea sana katika karakana za Fab Lab, ambako watu hutengeneza vitu kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, zilizotokana na kituo cha Center for Bits and Atoms cha MIT chini ya Neil Gershenfeld, na programu huria ya mods iliyotoka huko bado inaitambua na hufanya kazi ndani ya kivinjari.

Jambo moja lijulikane kabla ya kubonyeza chochote: kusimamisha programu kwenye kompyuta hakuisimamishi mashine papo hapo, kwa sababu itaendelea kukata yaliyokwisha kuingia kwenye kumbukumbu. Bonyeza kitufe cha View kwenye mashine, katiza utumaji kwenye kompyuta, kisha shikilia vitufe vya juu na chini kwa pamoja hadi taa iache kumeta.

Mashine hii pia huchanganua umbo la vitu kwa sindano inayogusa nukta moja baada ya nyingine. Kwa kitu cha sentimita 10 kwa 10, kupima kila nusu milimita ni nukta zipatazo 40,000, na kwa kipimo chake kidogo kabisa cha milimita 0.05 ni milioni 4. Sindano hupata umbo halisi hata kwenye vitu vinavyong'aa, lakini sitamshauri mtu ainunue kwa ajili ya kazi hiyo.

Anayeinunua ikiwa imetumika aishike spindeli, yaani mhimili unaoshika na kuzungusha biti, kwa vidole, mashine ikiwa imezimwa, na aisukume kando. Ikicheza hata kidogo, beringi zimekwisha, na njia za saketi zitatoka pana kuliko zilivyochorwa. Kisha aiwashe na kuizungusha mota bila biti. Mlio wa kukwaruza una maana ileile, na bei ipunguzwe kwa gharama ya kubadilisha spindeli nzima.